Ukubwa Si Afya: Maradhi ya Mbwa Aina ya Boerboel

Mbwa mkubwa hununuliwa kwa macho. Mnunuzi huona kichwa kipana, kifua kilichojaa na miguu minene, kisha huuliza baba wa mbwa huyo ana kilo ngapi. Ni wachache wanaouliza kama baba huyo huinuka asubuhi bila kuchechemea. Wazee walisema kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na ingawa neno hilo lilisemwa juu ya binadamu, lawafaa sana watu wanaofuga mbwa wa ulinzi. Maana maradhi mengi ya mbwa wakubwa hayaanzi uzeeni. Huanza katika damu ya wazazi, kisha hupata nguvu katika sahani ya chakula kabla mbwa hajatimiza hata mwaka mmoja.

ASILI YA MBWA HAWA

Boerboel ni mbwa wa Afrika ya Kusini. Jina lake ni la Kiafrikana, na sehemu yake ya kwanza, boer, maana yake ni mkulima. Waholanzi waliweka kituo chao katika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, na yasemekana kwamba Wazungu waliofika huko kwa nyakati mbalimbali walikuja na mbwa wao wakubwa, nao wakachanganyika wao kwa wao na pamoja na mbwa waliowakuta nchini. Wakulima waliokaa mbali na majirani walihitaji mnyama wa kuwalinda watu na mifugo usiku, hivyo walizalisha yule aliyekuwa na nguvu, ushujaa na utii. Mwaka 1983 wafugaji wa mbwa hao walikusanyika katika wilaya ya Senekal, jimbo la Free State, wakaanzisha chama cha kuwaandikisha katika daftari la ukoo. Huko Marekani, chama kiitwacho American Kennel Club kiliwakubali rasmi mwaka 2015.

Siku hizi mbwa hao wako Kenya pia, katika nyumba za mijini na katika mashamba. Mbwa dume aliyekomaa huweza kupita kilo 65, na wengine hufika kilo 80. Kwa kawaida huishi miaka 9 hadi 11, umri ambao ni mfupi ukilinganishwa na ule wa mbwa wadogo. Basi mwenye mbwa huyu hana miaka mingi ya kupoteza kwa makosa.

MFANO WA KARANI

Chukuliwe mfano wa karani mmoja aliyeweka akiba mwaka mzima ili anunue mtoto wa mbwa wa aina hii. Alikuwa na shamba dogo, ng'ombe wawili wa maziwa na ua wa seng'enge, na wezi walikuwa wamekwisha kumtembelea mara mbili. Alipomleta mbwa nyumbani, nia yake ilikuwa moja tu, nayo ni kumkuza upesi. Alimpa ugali na nyama asubuhi, mchana na jioni, kiasi chochote alichotaka. Alimwongezea maziwa, mayai na unga wa mifupa, kwa kuwa aliambiwa kwamba mifupa mikubwa hutaka chokaa nyingi. Majirani walisimama kwenye ua wakamsifu. Mbwa alipotimiza miezi 10 alikuwa na kilo 58, na karani alifurahi sana.

Alipofika miezi 14 mbwa alianza kusita mbele ya ngazi mbili za baraza. Watu wakasema ni mvivu. Usiku mmoja wezi walikata seng'enge. Mbwa aliwasikia kabla ya mtu yeyote, akabweka kwa sauti ya kutisha, lakini alipotaka kuinuka miguu yake ya nyuma ilikataa. Ng'ombe mmoja alichukuliwa. Asubuhi karani alimkuta mbwa wake ameketi palepale, akimtazama.

NYONGA NA VIWIKO

Ugonjwa wa mbwa yule ni ule wa viungo vya nyonga, ambao ni adui mkubwa wa mbwa wote wazito. Kichwa cha mfupa wa paja hukaa ndani ya kikombe cha mfupa wa nyonga. Katika mbwa mwenye afya, kichwa hicho hukaa imara. Katika mbwa mgonjwa, kiungo hulegea, na kichwa hucheza ndani ya kikombe kama mchi ndani ya kinu, na kila hatua husaga. Gegedu huchakaa, mfupa huota vinundu, na maumivu hayaishi tena. Ugonjwa wa namna hiyo huweza kuingia katika viwiko vya miguu ya mbele pia.

Dalili zake si ngumu kuonekana kwa mtu anayetazama. Mbwa huinuka kwa taabu, hasa wakati wa baridi. Akikimbia hurusha miguu ya nyuma yote miwili pamoja kama sungura. Hukataa ngazi, na hukataa kupanda gari. Mapaja yake hukonda huku mabega yakizidi kunenepa, kwa kuwa ameanza kubeba uzito wake mbele. Kipimo cha hakika ni picha ya eksirei itakayosomwa na daktari wa mifugo. Marekani kuna taasisi iliyoanzishwa mwaka 1966, Orthopedic Foundation for Animals, ambayo huzichunguza picha hizo na kuandika hali ya nyonga, na haitoi cheti cha kudumu kabla mbwa hajatimiza miezi 24. Sababu ni kwamba mbwa anayeonekana mzima akiwa na miezi 8 huenda asiwe mzima akikomaa.

Ugonjwa huu hurithiwa. Hata hivyo, si damu peke yake inayouamua. Katika Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, wataalamu waliwalisha watoto wa mbwa wakubwa aina ya Great Dane chakula chenye kalsiamu nyingi kupita kiasi, na katika maandishi yao ya mwaka 1985 walionyesha kwamba mifupa ya mbwa hao ilikua vibaya. Mtoto wa mbwa hana uwezo wa kutosha wa kuikataa kalsiamu iliyozidi. Huingia mwilini mwake, ikavuruga gegedu na mifupa. Kwa hiyo, unga wa mifupa ambao karani alidhani ni msaada ulikuwa ni mzigo. Mbwa anayekula chakula kilichopimwa sawasawa kwa ajili ya watoto wa mbwa wakubwa hahitaji kuongezewa chokaa.

Jaribio jingine lilifanywa Marekani kwa mbwa 48 aina ya Labrador. Waligawanywa wawiliwawili, na katika kila jozi mmoja alipewa chakula pungufu kwa robo kuliko mwenzake, tangu utotoni hadi kufa. Matokeo yalitangazwa mwaka 2002. Umri wa kati wa wale waliokula zaidi ulikuwa miaka 11.2, na wa wale waliopunguziwa ulikuwa miaka 13. Tena waliopunguziwa waliumwa viungo kidogo zaidi, na walichelewa kuumwa. Labrador si Boerboel, lakini fundisho ni lilelile: mbwa mwembamba kidogo huishi zaidi na hutembea vizuri zaidi kuliko yule anayesifiwa na majirani.

Njia ya kumpima mbwa nyumbani ni rahisi. Mwenye mbwa apitishe mkono juu ya mbavu. Mbavu zihisiwe bila kubonyezwa kwa nguvu, na mbwa akitazamwa kutoka juu aonekane ana kiuno. Ikiwa mbavu hazipatikani, chakula kipunguzwe. Vilevile mtoto wa mbwa mkubwa asirukishwe kutoka juu ya pikapu, wala asikimbizwe nyuma ya baiskeli kwa safari ndefu kabla mifupa yake haijakomaa, yaani mpaka apite miezi 18 hivi. Kutembea na kucheza kwenye majani kwamtosha. Na kitanda chake kisiwe saruji tupu, kwani uzito wake huvimbisha viwiko na kuvitia sugu. Majani makavu au gunia nene hugharimu kidogo.

TUMBO LINALOJIPINDA

Kuna ugonjwa mwingine usiotoa nafasi ya kufikiri. Mbwa mwenye kifua kirefu kwenda chini, akila sana kwa pupa, huweza kujaa hewa tumboni. Kisha tumbo lenyewe hujipinda kama mdomo wa gunia unaposokotwa, na njia za kuingia na kutoka hufungwa. Damu haipiti sawasawa, na mbwa huweza kufa kwa muda wa saa chache.

Dalili ya kwanza ni mbwa kutaka kutapika bila kutoa kitu, ila mate na povu. Huhangaika, hulala na kuinuka, hutazama ubavu wake. Tumbo huvimba, na likigongwa kwa kidole hulia kama ngoma. Hapo hakuna dawa ya kienyeji wala ya dukani inayofaa, na kungoja kupambazuke ni kumuua. Apelekwe kwa daktari wa mifugo saa ileile, kwa kuwa mara nyingi hakuna tiba ila kupasuliwa. Mwenye mbwa mkubwa yampasa ajue mapema daktari gani hupatikana usiku, na namba yake ya simu iandikwe mahali inapoonekana na watu wote wa nyumbani.

Kinga yake ni kumpa mbwa chakula mara mbili au tatu kwa siku, kila mara kiasi kidogo, badala ya sufuria nzima jioni. Asikimbizwe mara baada ya kula. Zamani watu walishauriwa kuinua bakuli la mbwa mrefu juu ya kibao. Uchunguzi wa Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, uliotangazwa mwaka 2000, ulionyesha kwamba bakuli lililoinuliwa liliambatana na hatari kubwa zaidi. Basi bakuli likae chini. Tena mbwa ambaye mzazi wake au ndugu yake wa tumbo moja alipatwa na ugonjwa huu yuko katika hatari zaidi, na daktari huweza kulishona tumbo lake lishikamane na ubavu ili lisijipinde.

MACHO, MOYO NA MBWA JIKE

Ngozi ya uso wa Boerboel ni nene na imelegea, na kwa sababu hiyo kope huweza kukosa mahali pake. Katika mbwa wengine ukingo wa kope hujikunja ndani, nywele zikakwaruza jicho kila anapopepesa. Katika wengine kope la chini hulegea na kuning'inia, vumbi likakusanyika ndani. Machozi yasiyokauka, jicho jekundu na kufumba mara kwa mara ndizo dalili. Jicho lililokwaruzwa kwa muda mrefu huota kidonda na huweza kupofuka. Daktari huweza kulirekebisha kope kwa upasuaji mdogo.

Moyo nao huchoka katika baadhi ya mbwa wakubwa. Mbwa aliyekuwa mwepesi akianza kuchoka haraka, kukohoa usiku, kuzimia au kuvimba tumbo polepole, asidhaniwe kuwa amezeeka tu. Daktari humsikiliza kwa chombo chake na kujua kama mapigo yana kasoro.

Mbwa jike wa aina hii huweza kupatwa na uvimbe ukeni wakati wa joto, hata nyama laini ikajitokeza nje. Wengi huona haya kulisema jambo hili, na haya hiyo humponza mnyama, maana nyama hiyo hukauka na kupata vidonda. Mara nyingi hupungua joto linapokwisha, lakini hurudi tena. Mbwa jike mwenye kasoro hii afadhali asizalishwe, bali afungwe uzazi.

KUPE, CHANJO NA CHAKULA KIBOVU

Maradhi yaliyotajwa hadi sasa ni ya ukoo na umbo. Lakini mbwa mwenye damu njema huweza kufa kwa mambo ya kila siku. La kwanza ni kupe. Kupe huingiza katika damu vijidudu vinavyovunja chembe nyekundu, na mbwa hushikwa na homa, hukataa chakula, ufizi wake huwa mweupe, na mkojo wake huweza kuwa wa rangi ya kahawia au nyekundu. Mbwa wa namna hiyo apelekwe kutibiwa siku hiyohiyo. Kupe watafutwe masikioni, makwapani na katikati ya vidole. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isichanganywe kwa kukisia na kumwagiwa mbwa, kwa kuwa kipimo kikizidi humdhuru. Daktari atoe dawa iliyo ya mbwa na kueleza kipimo chake.

La pili ni chanjo. Watoto wa mbwa huanza kuchanjwa wakiwa na wiki 6 hadi 8, na chanjo hurudiwa kila baada ya wiki 3 au 4 mpaka wafike wiki 16, ili kuwakinga na ugonjwa wa parvo unaowaharisha damu, na maradhi mengine. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa wakiwa na miezi 3, kisha hurudiwa kama daktari anavyoagiza. Hii si kwa faida ya mbwa tu. Mwaka 2014 Kenya ilianza mpango wa kukomesha vifo vya watu vitokanavyo na kichaa cha mbwa ifikapo mwaka 2030, na mpango huo hauwezi kufaulu ikiwa mbwa mwenye bei kubwa hufichwa nyuma ya lango bila kuchanjwa.

La tatu ni mahindi mabovu. Desturi ya kumwekea mbwa unga uliooza, kwa kusema kwamba watu hawawezi kuula, ni desturi ya hatari. Ukungu wa mahindi hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ileile iliyowaua watu 125 katika sehemu za mashariki mwa Kenya mwaka 2004. Ini la mbwa ni dhaifu sana mbele ya sumu hiyo. Unga usiofaa kwa mtoto haufai kwa mbwa. Matumbo na maini kutoka machinjioni yapikwe vizuri kabla hajapewa, kwani mabichi humletea minyoo ya tegu ambayo huweza kumrudia binadamu.

La nne ni dawa za watu. Mbwa anapochechemea, wengi hummezesha vidonge vya maumivu vilivyo kabatini. Ibuprofen huweza kumtoboa tumbo na kumharibu figo, na paracetamol huweza kumharibu ini. Kuna dawa za maumivu zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na hizo hutolewa kwa kipimo cha uzito wake.

NENO LA MWISHO JUU YA KUZALISHA

Yule karani alimpeleka mbwa wake kwa daktari wa mifugo. Picha ilionyesha kwamba nyonga zote mbili zimeharibika. Alishauriwa ampunguze kilo 12, aache unga wa mifupa, amtembeze polepole kila siku na kumpa dawa aliyoandikiwa. Baada ya miezi mitano mbwa alipanda tena zile ngazi za baraza, ingawa hakuzipanda mbio, na hakuna aliyemdanganya karani kwamba amepona.

Ndipo jirani mmoja alipokuja na mbwa jike. Alisema kwamba kichwa cha dume yule hakina mfano katika wilaya nzima, na kwamba angelipa ada nzuri, tena angempa karani mtoto mmoja wa kuchagua. Fedha hizo zingerudisha bei ya mbwa na sehemu ya bei ya ng'ombe aliyeibwa. Jirani hakujua habari za picha, na mbwa alikuwa ameketi. Akiwa ameketi hakuonekana na kasoro yoyote.

Karani aliingia ndani, akaitoa picha katika bahasha, akamwonyesha. Alimweleza kwamba watoto nane wa mbwa huyu wangeweza kwenda katika nyumba nane, na usiku mmoja katika nyumba mojawapo mbwa angesikia wezi asiweze kuinuka. Jirani aliondoka bila kuaga vizuri. Wiki tatu baadaye alirudi, akauliza picha ya namna hiyo hupigwa wapi, kwa maana alitaka kumpima jike wake kwanza.

Swali hilo ndilo linalopasa kutangulia swali la bei. Mnunuzi atake kuwaona wazazi wote wawili wakitembea, wakikimbia na wakipanda ngazi. Atake picha za nyonga na viwiko vyao, na cheti cha chanjo. Aulize kama yuko katika ukoo huo aliyekufa kwa tumbo kujipinda. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Na ikiwa atakasirika, mnunuzi arudi nyumbani na fedha zake, angojee mwaka mwingine.